Omba Tu Msamaha, Yaishe

Watu wa kwetu wakikuona umesingiziwa hawakuulizi ukweli uko wapi. Wanakuuliza utaomba msamaha lini. Maneno hayo nimeyasikia kwa askari, kwa mwalimu mkuu, kwa majirani, kwa mama yangu mzazi, na hata kwa mwizi mwenyewe: omba tu msamaha, yaishe. Sijui nani alitufundisha kwamba jambo huisha mtu asiye na hatia akiinamisha kichwa. Mimi nauza nyama, nimezoea kuona vitu vikiisha, na hili nawaambia halikuisha.

Bucha yangu iko Meru mjini. Niliirithi kwa baba, naye aliirithi kwa babu, aliyefika huku akiwa mchukuzi wa mizigo ya watu, akaoa, akabaki. Nyumbani tunasema Kiswahili, sokoni Kimeru, msikitini tunasema kidogo na kusikiliza zaidi. Katika watoto wa baba, aliyesoma ni mdogo wangu, dada yangu wa mwisho. Akawa mwalimu wa shule ya msingi, akapelekwa Siakago, kule chini Mbeere kwenye joto. Sisi tulidhani atalia mwezi mmoja na kurudi. Yeye akapanga nyumba, akapanda ndengu uani, akajifunza Kimbeere mpaka akawa anawafukuza mbuzi wa jirani kwa lugha wanayoielewa. Wazazi walimpenda. Mwaka ule mvua ilipokataa, yeye ndiye aliyezunguka kwa wenye maduka akiomba mahindi ya sufuria ya shule, kwa sababu kuna watoto ambao githeri ya saa saba, mahindi na maharage ya kuchemsha, ndiyo ilikuwa chakula chao cha siku nzima.

Shikeni hapo kwenye hiyo sufuria, maana mwizi alipiga hapo hapo.

Asubuhi moja katikati ya wiki, dada yangu akiwa darasani anafundisha hesabu, simu yake ikiwa ndani ya mkoba na mkoba ndani ya kabati la ofisi ya walimu, kundi la wazazi kwenye simu lilipokea ujumbe. Ulitoka kwenye namba yake, jina lake juu, picha yake pembeni. Ulisema: "Mnazaa kama mbuzi halafu mnatuletea watoto wenye njaa tuwalee. Hao hata ukiwapa kitabu watakila."

Mpaka saa ya chakula wazazi walikuwa wamejaa getini. Mama mmoja alikuja na sahani ya mwanawe, akaitupa miguuni pa dada yangu, akamwambia ale yeye. Dada yangu hakujua lolote. Alikimbilia simu yake kabatini, akaifungua, na ujumbe alioukuta pale ulikuwa upande wake wa mazungumzo, upande wa mtu aliyetuma. Aliniambia baadaye kwamba kwa muda mfupi hata yeye alijitilia shaka. "Kaka, niliusoma nikajiuliza, niliandika nikiwa usingizini?" Mwizi wa kuku anaondoka na kuku. Huyu alimnyang'anya mtu mpaka kujiamini kwake mwenyewe.

Mwalimu mkuu, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alimwambia, "Madam, wewe enda nyumbani kwanza, wazazi wapoe, board itakaa." Dada yangu akapakia nguo, akanipigia. Nilimwachia mfanyakazi wangu bucha, nikateremka kupitia Embu hadi Siakago, na jambo la kwanza nililofanya ni kumpeleka kituo cha polisi.

Askari wa zamu alisikiliza akiwa amelalia meza.

"Sasa hii number ni ya nani?"

"Ni yangu," dada akasema.

"Na simu ni ya nani?"

"Ni yangu, lakini ilikuwa kwa kabati. Mimi nilikuwa darasani."

"Basi ni kabati iliandika."

Wenzake walicheka. Walicheka kweli kweli, mmoja akapiga kofi juu ya kaunta. Mimi nina hasira za karibu, sifichi, na siku ile nilisema maneno ambayo hayafai kusemwa kwenye kituo cha polisi. Askari hakukasirika hata. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto na kuniambia, "Boss, usinipandishie. Mwambie tu huyu msichana aombe msamaha iishe. Kwani ataumia wapi?"

Ataumia wapi! Msichana ana kazi ya kufundisha watoto wa watu, na watu wanaamini kwamba anawaita watoto wao mbuzi. Nilikataa kuondoka. Nilikaa kwenye lile benchi mpaka wakachoka kuniona, wakaandika malalamiko yetu kitabuni, wakatupa karatasi na kutuambia twende ofisi ya upelelezi Embu, kuna madam huko anayeshughulika na mambo ya mitandao, na twende na simu.

Karatasi ile ilihitaji nakala. Tukaingia kwenye saiba iliyo karibu na stendi, chumba kidogo chenye kompyuta kuukuu na mashine ya kuchapisha, mahali ambapo walimu wote wa pale hupeleka kazi zao. Mwenye saiba alikuwa kijana wa makamo, shavu moja limevimba kwa majani ya muguka aliyokuwa akitafuna, mpole, mchangamfu. Alichukua karatasi ya polisi, akaisoma bila kuficha kwamba anaisoma, akatikisa kichwa.

"Pole sana, Mwalimu. Hata mimi nimeonyeshwa hiyo message. Imeniuma."

Halafu akanigeukia mimi, mkubwa wa familia, akashusha sauti kwa heshima: "Mzee, mwambie tu aombe msamaha. Watu wa hapa wakiombwa msamaha wanasahau."

Nilimshukuru. Mungu wangu, nilimshukuru, nikamwachia na chenji. Kila nikikumbuka chenji ile napata joto masikioni.

Tulirudi Meru jioni ile kwa mama, ili wiki ikianza tushuke Embu na simu. Na hapa lazima nieleze jambo la nyumba yetu, maana asiyelijua atamwona mama yangu kuwa mjinga, na mama si mjinga. Kwetu kuna kitu kinaitwa stara. Mwanamke ana vazi la nje na ana sura ya ndani, na ya ndani haitoki. Simu ya dada ilikuwa na picha za harusi ya binamu yetu, upande wa wanawake: vichwa wazi, hina mpaka kwenye viwiko, shangazi zetu wazima wakicheza vibaya sana. Ilikuwa na picha ya mama mwenyewe amejilaza kitandani hospitalini. Mama aliposikia simu inakwenda kukabidhiwa kwa serikali, alilala na jambo hilo, na alipoamka alikuwa ameshakata shauri.

"Itashikwa na wanaume," akasema. "Watazipitia moja moja. Wataoneshana."

Mimi nilikuwa bucha. Nyumbani alikuwa yeye na dada, na dada, ambaye hakuwa amelala wala kula sawasawa, alifanya aliloambiwa na mama yake. Hakuchagua picha hii na ile. Alibonyeza pale panapofuta kila kitu na kuirudisha simu ilivyotoka dukani. Kisha mama akachukua kitambaa chenye maji ya dawa, akaipangusa kioo na mgongo, akaifunga kwenye leso safi. Ndivyo anavyofanya chochote kinachotoka nyumbani kwetu kwenda kwa watu. Sahani ya jirani hairudi kwake chafu.

Tukaipeleka Embu ikiwa safi hivyo, ndani ya leso yake.

Mpelelezi alikuwa mwanamke wa umri wangu, mkavu wa maneno. Ofisi yake ilikuwa na rafu za chuma zilizojaa simu na kompyuta ndani ya mifuko iliyofungwa na kubandikwa karatasi, kila moja ikingoja zamu. Aliichukua simu ya dada, akaiwasha, akaiangalia kidogo tu, akaiweka mezani.

"Nani ameosha hii simu?"

Nikadhani anauliza kuhusu kitambaa cha mama. Dada ndiye aliyeelewa. Alijibu kwa sauti ambayo niliisikia kwa shida, akaeleza habari ya picha. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilimkasirikia dada, nikamkasirikia mama, nikajikasirikia kwa kuwa bucha siku ile nikichonga nyama ya watu. Mpelelezi hakucheka wala hakufoka. Alisema tu, "Hamko wa kwanza. Wengine wanafuta juu ya hasira, wengine juu ya aibu. Mtu wa makosa anafuta, na mwenye amekosewa pia anafuta. Sasa mimi nisome nini?"

Nikamuuliza kama hana mashine ya kurudisha vilivyofutwa. Nilikuwa nimesikia kwamba hakuna kinachofutika kabisa.

"Hiyo ni ya zamani," akasema. "Hizi simu za sasa zinafunga kila kitu kwa ufunguo. Uki-reset, ufunguo unatupwa. Vitu vinaweza kuwa hapo ndani, lakini hakuna mtu atafungua. Hata mimi." Akamgeukia dada. "Account yako umewahi kuifungua kwa computer yoyote? Ya shule? Ya rafiki?"

Dada alifikiri. Nikaona uso wake ukibadilika.

Kumbe ndivyo walimu wote wa kule wanavyofanya. Mtihani umeandikwa kwenye simu, mashine ya kuchapisha iko saiba, basi mwalimu anafungua akaunti yake kwenye kompyuta ya saiba, anatoa mtihani wake, anafunga, anakwenda. Dada alikuwa akifanya hivyo tangu alipohamia.

"Ulitoka? Uliondoa account kwa hiyo machine?"

"Nilifunga dirisha."

"Kufunga dirisha si kutoka," mpelelezi akasema. "Mwenye hiyo computer anaweza kukaa anasoma mambo yako mpaka mwaka uishe. Na anaweza kuandika."

Hapo ndipo dada alipotueleza jambo ambalo hakuwa ameliona kuwa kubwa. Muhula uliotangulia alikuta mtihani wake, swali kwa swali, mikononi mwa watoto wa shule nyingine kabla ya wa kwake kuufanya. Alikwenda akamwambia yule kijana wa saiba kwamba anajua anaiuza mitihani, na kwamba ikitokea tena atamshtaki. Tangu siku hiyo akawa anachapisha Embu mjini. Yule kijana alimwomba msamaha vizuri sana, dada akasamehe, akasahau. Mimi nikamkumbuka na shavu lake la muguka, na ushauri wake, na chenji yangu. Nilisimama. Mpelelezi akaniambia nikae chini, na kwamba nikimgusa yule mtu au nikimwambia neno moja, nitakuwa nimemsaidia yeye.

Ilichukua siku kadhaa kupata amri ya mahakama. Siku walipokwenda kuichukua ile kompyuta niliruhusiwa kuwepo na dada, ili aoneshe ni ipi alikuwa akiitumia. Nilitegemea mambo ya kishindo. Mpelelezi alifanya kazi polepole kama mtu anayeshona. Alipiga picha nyaya kabla ya kuzing'oa. Alinakili namba ya mashine. Mimi kwa haraka zangu nikanyoosha mkono nibonyeze kitufe, nimwone mwizi pale pale kwenye kioo, na akanizuia kwa sauti ambayo mke wangu tu ndiye amewahi kunitolea. Ukiwasha, alisema, mashine inaanza kuandika mambo mapya juu ya yale tunayotafuta. Akaitia mfukoni, akaifunga, akabandika karatasi, akatia sahihi, akamtaka na mwenye saiba atie sahihi. Hata huko ofisini, alinieleza, hataisoma yenyewe. Atatengeneza nakala yake kamili na kusoma nakala, na kila mtu atakayeishika ataandikwa, ili mahakamani asitokee mtu wa kusema imechezewa.

Jambo hilo nililielewa bila kufundishwa. Kwenye bucha yangu nyama isiyo na muhuri wa daktari wa mifugo ni mzoga, hata kama ng'ombe nimemwona akichinjwa kwa macho yangu. Baba alikuwa akisema mteja hakuamini wewe, anaamini muhuri. Nikamwangalia yule kijana akitia sahihi yake, mkono umetulia, na kwa mara ya kwanza tangu jambo lile lianze nikahisi kuna mtu anayefanya kazi yake.

Kisha tukangoja. Mashine ilikuwa kwenye rafu na nyingine zote, na wa kuzisoma alikuwa yeye na mwenzake mmoja, kwa watu wa nchi nzima ile kuanzia milimani hadi Tana. Kila nikipiga simu nilijibiwa kwa heshima kwamba zamu yetu haijafika. Huko Siakago watu hawakungoja. Wazazi waliandika barua ya kumkataa dada, wakaizungusha kutiwa sahihi. Nasikia ilichapishwa pale pale saiba, kwa kompyuta iliyobaki, na kwamba kijana aliwafanyia bure.

Mwalimu mkuu hakumpigia dada. Alimpigia mama. Waliongea kama wanawake wazima, kwa upole. Alimwambia board inakaribia kukaa, kwamba wazazi wakiombwa msamaha watalegeza, kwamba yeye mwenyewe anampenda huyu msichana kama wake. Alisema ameshayaandaa maneno, mafupi tu, Mwalimu ayasome kwa sauti yake na kuyatuma kwenye kundi. "Yaliyopita si ndwele, mama," akasema. Mimi methali hiyo siku hizi siipendi. Aliyepitiwa na ugonjwa anaweza kusema si ndwele, lakini mgonjwa alikuwa dada yangu.

Nilikuwa Kiirua siku hiyo, kununua ng'ombe. Simu ilikuwa imeisha chaji na sikujali. Niliporudi bucha asubuhi iliyofuata palikuwa na foleni, na mteja wangu mmoja, mfanyabiashara wa miraa, alikuwa ameegemea kaunta akisikiliza kitu kwenye simu wakati nampimia mbavu. Nikasikia sauti ya dada yangu ikisema, "Wazazi wangu wapendwa, ni mimi Mwalimu wenu. Naomba msamaha kwa maneno yale. Najua yaliwaumiza. Nisameheni kama mzazi anavyomsamehe mtoto."

"Hiyo umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Imetumwa kila mahali. Ni yule mwalimu wa Siakago wa mambo ya mbuzi. Hatimaye amekubali."

Hakujua ni dada yangu. Na sikiliza neno alilotumia. Hakusema ameomba msamaha. Alisema amekubali. Niliacha nyama kwenye mzani, nikatoka na aproni yangu ya damu, nikapita mjini hivyo mpaka nyumbani, watu wakinipisha njia.

Mama alikuwa jikoni. Nilimpigia kelele mama yangu, Mungu anisamehe, jambo ambalo sijawahi kufanya tangu nizaliwe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Funika kombe mwanaharamu apite. Wewe una mke, una watoto, una duka. Huyu ana nini? Jina tu. Nani atakuja kumposa na jina linazunguka hivyo? Nimetaka lipite haraka."

"Umelipitisha? Sasa ndiyo limeingia ndani!"

Dada alikuwa mlangoni. Hakulia. Alisema, "Kaka, usimkemee mama. Nilichoka. Kila mtu aliniambia ni neno moja tu. Nikasema, kama ni neno moja, acha nilitoe."

Nilitaka kumkasirikia na sikuweza. Unamkasirikiaje mtu aliyevutwa na watu wote kuelekea upande mmoja? Nilirudi bucha, na mbavu za yule mteja nikamkatia vibaya.

Ripoti ilitoka baada ya board kuahirisha kikao mara kadhaa. Mpelelezi alituita Embu, akatueleza taratibu, akirudia pale nilipokwama. Yule kijana alikuwa amefuta, naam, lakini kwenye zile kompyuta za zamani kufuta ni kama kung'oa kibao cha duka tu, mali ikabaki ndani mpaka mwingine ahamie. Alikuta mabaki ya akaunti ya dada ikiwa wazi pale kwa muda mrefu. Alikuta ujumbe wenyewe, na saa uliyotumwa. Saa hiyo dada alikuwa ubaoni, darasa zima likimwona, na mwenye saiba alikuwa ametoka kufungua barua pepe zake mwenyewe za malipo kwenye mashine ile ile. Alikuta na mitihani ya walimu wengine, mingi. Kijana alikamatwa. Walioniambia wanasema alipochukuliwa aliwauliza askari kama hawawezi kumwacha aombe tu msamaha.

Nilicheka mpaka machozi, na hayakuwa ya kicheko yote.

Mkutano wa wazazi uliitishwa shuleni, chini ya mabati ya bwalo, karibu na ile sufuria. Mpelelezi alikuja. Alisimama akaeleza kwa Kiswahili chepesi kwamba ujumbe ule haukuandikwa na Mwalimu, akaeleza ulitoka wapi na amejuaje. Yule mama wa sahani alijifunika uso kwa leso. Nikasema moyoni, sasa. Sasa imekwisha.

Ndipo mzee mmoja nyuma akainua fimbo. Hakuwa na ubaya, naapa. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa.

"Madam wa polisi, nimesikia. Hiyo ya kwanza si yake. Na hiyo ya sauti? Hiyo ya kuomba msamaha, hiyo pia ni mwizi?"

"Hiyo ni yake," mpelelezi akasema. Angesema nini kingine? Kazi yake ni kusema kilichopo.

"Sasa kama hakukosa, mbona aliomba msamaha?"

Bwalo likageuka lote kumwangalia dada. Yeye akamwangalia mwalimu mkuu. Nami nikamwangalia mwalimu mkuu. Ni yeye aliyeandika yale maneno, neno kwa neno, na hapo ndipo palikuwa pa kusema hivyo, sentensi moja tu. Alikuwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Wazazi," akasema, "hayo yamepita. Tusonge mbele."

Nilisimama nikasema mimi. Nilisema kwamba maneno yale aliandikiwa, na nikasema na nani. Mwalimu mkuu akanijibu kwa upole wake kwamba familia ina uchungu na inaeleweka. Wazee wakaniambia nikae. Watu wakapiga makofi, kikao kikafungwa kwa maombi, na kabla sijafika getini kundi la wazazi lilikuwa limejaa salamu: karibu tena Mwalimu, tunakupenda Mwalimu, na vidole gumba vingi. Neno la pole halikuwamo hata moja.

Dada alifundisha pale mpaka muhula ukaisha, akaomba uhamisho. Sasa yuko upande wa Kianjokoma, kwenye baridi na chai, hajapanda chochote uani. Kesi ya yule kijana inaendelea, na wakili wake, sina shaka, ana ile sauti kwenye simu yake. Mashine ya mpelelezi iliweza kuondoa kwa dada yangu maneno aliyowekewa na mwizi. Yale aliyowekewa na sisi wenyewe, watu wa kumtakia mema, yana sauti yake na muhuri wake, na hakuna mtaalamu wa kuyatoa.

Juzi nilikwenda kwa mama kumpelekea maini. Alikuwa amekaa kitandani na simu yake mkononi, ameishika mbali kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Jirani alikuwa amemtumia ile sauti, bila kujua au akijua, na mama hakujua ni nini mpaka ikaanza kusema.

"Nifutie hii, mwanangu," akasema. "Nifutie kabisa, isirudi."

Nilikaa kando yake. Nikaifuta. Akaichukua simu, akaipangusa kioo kwa ncha ya leso, akaiweka chini ya mto.

Ijumaa nilipopita kumsalimia alininyooshea simu kabla sijavua viatu. Alikuwa ametumiwa tena, na mtu mwingine.